Mguu Usiosikia Moto

Harufu ile Enguday aliisikia mara ya kwanza siku ya tisa ya Mfungo wa Maria, saa kumi alasiri, alipokuwa ameinama kupuliza makaa ya kahawa. Akadhani ni panya. Mvua za Agosti huwafukuza panya mashambani wakaingia majumbani, na mlango wa nyumba yao haukuwa na uwezo wa kumzuia hata paka. Akafunua mkeka, akasogeza gunia la nafaka ya tefu, akapiga magoti kuchungulia chini ya kitanda. Hakukuwa na panya. Lakini kila aliposogea karibu na kiti cha mumewe harufu ilizidi, na kila alipojitenga nacho ikapungua.

"Kuna kitu kimeoza humu ndani," alisema.

"Basi kitafute," alijibu Mergeta Tibebu bila kufumbua macho. Alikuwa ametoka kanisani, hajatia kitu kinywani tangu jana jioni, na sasa alikuwa amemaliza jagi la pili la maji. Akalisukuma mbele. "Na hili nalo ulijaze."

"Hilo litakuwa la tatu, Tibe."

"Unanihesabia maji?"

Enguday alilijaza. Miezi mingi sasa mumewe alikuwa na kiu isiyozimika, na nyuma ya nyumba, pale alipozoea kukojoa, sisimizi walikuwa wakijipanga mistari kama watu wanaokwenda hija. Aliwamwagia majivu. Wakarudi. Hakuwa amefikiri zaidi ya hapo.

Kabla hajaliweka jagi chini, mlango ulisukumwa. Alikuwa Etagegn, jirani yao, mwanamke mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mnadani, na nyuma yake wanawake wawili wa makamo waliolowa mvua, shuka zao nyeupe zimewaganda mabegani.

"Amani humu ndani! Mergeta yupo? Hawa ni shangazi zangu, wametoka Dejen. Wamekuja kuuona."

Hakusema kuona nini. Siku hizo hakuna aliyeuliza.

Siku ya kwanza ya mfungo, waimbaji wakiwa wamesimama safu mbili, mnyororo wa chetezo ulikatika mkononi mwa shemasi. Kaa la moto lenye ukubwa wa yai likaangukia mguu wa kushoto wa Mergeta, kati ya kidole gumba na cha pili, likakwama hapo. Ndani ya kanisa hakuna avaaye viatu. Mguu ulikuwa mtupu. Mergeta, yaani mkuu wa waimbaji, hakuruka. Hakutazama hata chini. Aliendelea na ubeti wake mpaka moshi ukaanza kupanda na wanawake wakapiga mayowe. Aba Zeleke, kasisi mkuu, aliliondoa kaa lile kwa mkono wake mwenyewe, akaungua. Kisha aliugeuzia umati mkono ule ulioungua, akasema kwa sauti iliyofika mpaka uani: "Mmeona! Mimi nimeumia, yeye hakuumia. Miaka thelathini na miwili amesimama mbele ya Bikira, na Bikira amemwondolea maumivu!"

Tangu siku hiyo mlango wa Enguday haukufungwa.

Mergeta alinyosha mguu. Shangazi mkubwa akaupangusa kwa kitambaa kipya, akakikunja kitambaa na kukitia kifuani. Shangazi mdogo aliinama kuubusu, na hapo Enguday akamwona: midomo haikufika. Mwanamke yule aliinua kichwa haraka, akavuta ncha ya shuka puani, akajifanya anafuta machozi. Macho yake na ya Enguday yakakutana. Enguday alihisi uso ukimwaka kana kwamba amekutwa amempa mgeni chakula kilichochacha.

Walipoondoka, alifunga mlango kwa komeo.

"Nipe mguu."

"Nawe unataka baraka?" Mergeta alitabasamu.

"Nipe, nimesema."

Aliupakata, akaugeuza. Juu palikuwa na gaga la kaa lile, na pembeni yake vidole viwili vimekuwa vyeusi vikang'aa. Lakini unyayo ndio uliomkata pumzi. Palikuwa na tundu, na ndani ya tundu kitu kigumu kikamkwaruza kidole. Alikivuta. Kilikuwa kipande cha chupa, kirefu kama ukucha.

"Hiki kimeingia lini?"

Mergeta alikitazama. Kwa muda mfupi sana Enguday aliona hofu ikipita usoni mwa mumewe. Kisha tabasamu likarudi, pana kuliko la kwanza.

"Unaona?" alisema. "Hata hicho sikukisikia."


Kesho yake, mumewe akiwa kanisani, Enguday alikwenda kituo cha afya. Alisimama foleni tangu asubuhi. Alipofika dirishani, muuguzi, msichana mwembamba mwenye miwani, alimwuliza mgonjwa yuko wapi.

"Hakuja."

"Mama, sisi hatutibu majina."

Watu kwenye benchi wakacheka. Enguday aliinamisha kichwa mpaka karibu aingie dirishani, akaeleza kwa kunong'ona: mguu, weusi, harufu, kipande cha chupa. Muuguzi aliacha kuandika.

"Ana kiu?"

"Sana."

"Anakwenda haja ndogo mara kwa mara?"

"Sema polepole, mwanangu. Ndiyo."

"Na mahali anapokojoa kuna sisimizi?"

Enguday alishtuka. Wale sisimizi hakuwahi kumtajia mtu. "Umewajuaje?"

"Pita ndani, mama."

Ndani, muuguzi alifunga mlango. "Hiyo ni sukari. Ugonjwa wa sukari unaua mishipa ya fahamu, unaanzia vidoleni. Mtu anakanyaga msumari, hana habari. Hasikii kwa sababu mguu unakufa, si kwa sababu..." Akakatiza. "Ngoja. Mume wako ni nani?"

Enguday alimtajia.

"Mungu wangu." Msichana alivua miwani. "Mama yangu alikwenda kuubusu Jumapili."

"Na wewe?"

"Nilikuwa zamu." Aliivaa tena miwani, na sauti yake ikawa ya kazi. "Mlete leo. Hapa tutampima tu, kisha tumpeleke hospitali kubwa. Ana homa?"

"Sijui. Sikukuu ni baada ya siku sita. Lazima asimame usiku kucha kuongoza waimbaji. Ikishapita hiyo..."

"Mama, siku sita hana. Uchafu ule ukiingia kwenye damu, hatutazungumza tena habari za mguu."

Enguday alitoka bila kuaga. Kwenye benchi mtu mmoja alimwuliza kwa mzaha kama lile jina limepona.


"Sukari!" Mergeta alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ninayekula mara moja kwa siku, enjera na mchuzi wa unga wa dengu, sukari nimeitoa wapi? Hata kahawa yangu naitia chumvi."

"Ndivyo unavyoitwa tu ugonjwa wenyewe. Twende, Tibe. Gari liko stendi."

"Nitakwenda baada ya sikukuu."

"Amesema huna siku hizo."

"Amesema nani? Mtoto aliyezaliwa jana?" Aliweka jagi chini kwa kishindo. "Watu wanakuja kutoka Dejen, wanakuja kutoka Bichena, nao waambiwe Mergeta hayupo, amekwenda kudungwa sindano?"

"Waambiwe u mgonjwa. Kwani kuugua ni dhambi?"

Mvua ilipiga bati. Mergeta alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini, na Enguday akatamani angeendelea kufoka.

"Unajua wananiita nini sokoni, Enguday? Mchawi wa vitabu. Nimesoma mashairi ya kanisa miaka kumi na tisa kwa kuombaomba chakula, nimewafundisha vijana ambao leo ni makasisi, wananipita bila kunisalimu. Watu wananijia kwa kificho wakitaka hirizi, nikiwaambia sifanyi hirizi wananitukana. Sauti yangu wanaisikia tangu wakiwa wachanga. Wameizoea kama mvua ya bati. Sikuwahi kumlalamikia Mungu. Sasa amenipa kitu kimoja. Kimoja! Nawe umekwenda kwa mtoto mwenye miwani, umerudi kuniambia ni ugonjwa."

"Sikupenda iwe hivyo."

"Na tuseme ni ugonjwa. Tuseme. Nikiwaambia watu, unadhani nitarudi kuwa mwimbaji kama zamani? Nitakuwa mwongo. Tapeli aliyebusiwa mguu."

"Hukusema wewe. Aliyesema ni Aba Zeleke."

"Mimi nilinyosha mguu."

Enguday alinyanyuka kumfunika shuka. Mkono wake ulipita kwenye paji la uso la mumewe, ukasimama. Paji lilikuwa moto kama bamba la kuokea enjera. Meno ya Mergeta yalikuwa yakigongana, naye aliyauma kwa nguvu ili mkewe asiyasikie.


Aba Zeleke ndiye aliyekuwa baba wa nafsi wa nyumba ile, kasisi aliyesikiliza toba zao, aliyewabatizia binti yao na kumwoza. Enguday alimkuta asubuhi ya siku iliyofuata amekaa barazani kwake, akibadilisha kitambaa mkononi. Aliubusu msalaba wake, akakaa chini.

"Mkono unaendeleaje, Aba?"

"Unapona, mwanangu. Lakini ulinitesa! Siku tatu sikulala."

"Wako ulikutesa, ukapona. Wake haukumtesa, unaoza."

Aba Zeleke aliinua uso. Enguday alikuwa ameshafungua kifundo cha shuka yake na kutoa kitambaa alichokuwa amefungia mguu usiku. Alikiweka juu ya jiwe, katikati yao. Upepo ulivuma kidogo. Kasisi alirudisha kichwa nyuma, akaziba pua kwa ule mkono mgonjwa.

Alimweleza yote, kiu, sisimizi, kipande cha chupa, homa. Aba hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alikitazama kitambaa muda mrefu, kama anayengoja kiseme kitu kingine.

"Baada ya sikukuu nitazungumza naye," alisema.

"Baada ya sikukuu utamzika."

"Enguday!"

"Nisamehe, Aba. Lakini ndivyo."

"Unajua unaniomba nini? Nilisema mbele ya watu, nyuma yangu madhabahu. Kasisi akisema Jumatatu, Jumatano akageuka akasema sikusema, Alhamisi watu wamwamini kwa lipi?"

"Sijui. Mimi sikusoma. Kazi yangu ni kufua na kupika. Lakini nguo ikiwa na doa siwezi kuapa ni safi kwa kuwa jana niliwaambia majirani ni safi." Akakisukuma kitambaa mbele yake. "Mlitufundisha kwamba mwili huu unapokea mwili wa Bwana. Mkatuambia tusiuingize kanisani mchafu, tusiulishe kabla ya saa tisa, tuuvike nyeupe. Tumefanya. Sasa unakufa, na hakuna hata mmoja wenu anayeuuliza una nini. Mnaubusu tu."

"Inatosha."

"Kama hutasema wewe, nitasema mimi, pale langoni, penye viatu. Waniite kichaa."

Aba Zeleke alisimama. Alikuwa mzee mrefu, na Enguday alidhani atamfukuza. Mzee alitazama upande wa kanisa, kisha upande wa pili, kama mtu anayetafuta njia ya kupita akaikosa. Akauchukua msalaba wake.

"Tangulia nyumbani ukapike," alisema.

"Nipike nini, Aba? Ni saa mbili asubuhi. Ni mfungo."

"Nimesema ukapike."


Mergeta alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijivingirisha kilemba, kilemba kikifunguka kila alipokifunga. Alipomwona Aba Zeleke mlangoni alijaribu kusimama.

"Kaa."

"Naja, Aba. Nimechelewa kidogo, vijana waanze na..."

"Kaa, nimesema." Kasisi aliingia, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, yeye na joho lake, akaushika mguu kwa mikono miwili. Aliugeuza. Hakuziba pua mara hii. Enguday, aliyesimama jikoni na mwiko, alimwona akifumba macho.

"Tibebu," alisema Aba. "Mimi ni baba wa nafsi yako. Kuna kitu hukunitubia."

Uso mzima wa Mergeta ukakunjamana. "Nilijua," alisema. "Si siku ile. Siku ile niliamini kabisa. Lakini siku ya tano nilisikia harufu. Nikajitia manukato ya uvumba, nikawanyoshea mguu. Nipe kitubio, Aba. Niambie nisujudu mara mia tatu. Nipe elfu."

"Elfu utasujudu ukitamba. Nakujua. Hicho kitakuwa kitubio au karamu?" Aba aliinuka kwa shida, akakaa kando yake. "Nakupa kitubio, na usipokitimiza hutapokea ushirika kwa mkono wangu. Sikiliza. Utakula, sasa hivi. Utakunywa maji kila unapoona kiu. Utapanda gari uende hospitali, na watakalokuambia utafanya. Na sikukuu hutasimama. Utalala."

"Kula saa tatu asubuhi? Katika mfungo wa Bikira?" Mergeta alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Hicho si kitubio. Hiyo ni aibu."

"Ndiyo kitubio chako. Kusimama hakukuumizi, ningekupaje kuwa kitubio?"

"Watu watasema nimeshindwa na kiu kama mtoto!"

"Kila mwaka Ijumaa ya Mateso nani anayeimba maneno ya msalabani?"

"Mimi."

"Bwana alisema nini pale juu?"

Mergeta alimeza mate. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Miaka thelathini na miwili alikuwa ameliimba neno lile kwa sauti ya kuwaliza watu. Sasa alilisema bila kuliimba.

"Naona kiu."

"Naye hakuona haya kulisema mbele ya askari. Wewe unaona haya mbele ya Etagegn."

Enguday alileta sinia. Mvuke wa mchuzi ulijaa chumba, na kwa muda ukaifunika harufu ile nyingine. Mergeta aligeuza uso ukutani. Aba alikata kipande cha enjera, akakichovya, akakiviringisha tonge kwa mkono wake mzima, akakileta kinywani mwa mwimbaji, kama walishwavyo wageni wa heshima na maharusi. Mergeta alifunga midomo. Mkono wa kasisi ukangoja hapo hapo, mchuzi ukidondoka kwenye joho.

"Na wewe, Aba?" alisema Mergeta mwishowe. "Kula nami, basi."

"Mimi sili. Mimi si mgonjwa. Fungua kinywa."

Alifungua. Alitafuna huku machozi yakimtiririka, akameza kwa sauti kama mtu anayemeza jiwe. Aba akakata kipande kingine.


Gari la magurudumu matatu Enguday alilileta mpaka mlangoni, lakini watu walikuwa wameshaliona. Walikuwa kama kumi hivi, wageni, wameshika mishumaa na miavuli, na kati yao bibi mmoja aliyepinda kwa ugonjwa wa magoti. Walifungua njia, wakidhani Mergeta anapelekwa kanisani kwa heshima. Bibi hakufungua. Aliushika ukingo wa gari, akaanza kujiinamisha, hatua kwa hatua, akiugulia, kuufuata mguu uliofungwa vitambaa.

"Baraka tu, Mergeta. Kidogo tu."

Mergeta aliurudisha mguu ndani.

"Usiuguse, mama. Huu mguu ni mgonjwa."

"Hee?"

"Ni mgonjwa! Umeoza. Nusa." Jasho lilikuwa likimtiririka Mergeta, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kanisani, inayofika mpaka nyuma kabisa. "Magoti yako yanakuuma, mama?"

"Yananiuma sana, mwanangu. Usiku silali. Ndiyo maana nimekuja."

"Mshukuru Mungu. Yako hai."

Bibi aliuachia ukingo wa gari. Mtu mmoja nyuma alifyonya. Mwingine alisema, "Tumetembea siku mbili kuja kunusa?" Dereva aliwasha gari. Enguday hakugeuka kutazama. Alimshika mumewe kiunoni njia nzima mpaka stendi, na joto lake lilipita kwenye shuka mbili likamfikia.


Hospitali kubwa walifika jioni. Mergeta alitundikiwa maji, akadungwa, akatolewa damu kidoleni mara tatu, na kila mara aliuliza wanaitaka ya nini. Muuguzi aliisoma namba akamwita mwenzake aje kuiona. Enguday hakuthubutu kuuliza ni ngapi. Daktari wa upasuaji angekuja asubuhi.

Asubuhi, Enguday akiwa kwenye benchi la ukumbini, simu ililia.

"Dada Enguday!" Etagegn alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Amesema! Aba Zeleke! Leo, baada ya Injili, mbele ya watu wote!"

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Niliwaambia neno nisilolijua. Ule ulikuwa ugonjwa, nami niliuita muujiza, na ndugu yetu akanyamaza akaoza kwa ajili ya heshima yangu na yake.' Kisha akajilaza chini kifudifudi. Mzee yule! Watu wengine wametoka. Wengine wamelia. Kuna mwanamke mmoja amesema wewe ndiye uliyemroga mumeo kwa wivu."

"Mimi?"

"Usijali, nimempa zake. Sasa dada, vile vitambaa walivyopangusia mguu, shangazi zangu wanauliza, wavifanyeje?"

"Wavichome," alisema Enguday, "na wanawe mikono kwa sabuni." Akakata simu. Aba alikuwa amelala kifudifudi, watu walikuwa wameambiwa, na yote hayo hayakumhakikishia kwamba mumewe ataishi.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye ndevu. Alifungua vitambaa, akatazama, akabonyeza, akanusa bila kukunja uso.

"Mergeta, nitakuambia ukweli. Vidole vimekwisha. Lazima tukate. Sijui tu tukate wapi. Kama ubovu umepanda, nitakata chini ya goti, na kwa homa hii sitakuahidi kitu. Damu inafika kiasi, nimepima. Sasa nataka kujua penyewe panasemaje."

Alichukua sindano. Enguday alisimama miguuni pa kitanda, shuka ameiuma.

"Funga macho. Ukisikia, sema." Alichoma kidole kimoja. "Hapa?"

"Hapana."

Akachoma unyayo. "Hapa?"

"Sijui unagusa wapi."

Akapanda. Juu ya mguu, karibu na gaga la kaa lile. "Hapa?"

"Hapana."

Daktari alitazama saa yake, au alijifanya kuitazama. Enguday alihesabu kimoyomoyo mahali palipobaki: hapo, kisha kifundo, kisha muundi, kisha goti. Sindano ilisogea nafasi ya vidole viwili.

"Hapa?"

Mergeta alikunja uso kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. "Hapana," alisema polepole. "Kama... hapana."

Sindano ilisogea tena, ikafika pale mguu unapoanza kupinda kuelekea kifundo, ikazama.

"Ai!" Mergeta alifumbua macho, akatoa neno ambalo mkuu wa waimbaji hapaswi kulijua. "Wewe! Mbona unanichoma?"

Daktari alitoa kalamu mfukoni, akachora mstari mweusi kukatisha mguu. Akachoma tena juu ya mstari, na Mergeta akamtukana tena. "Vizuri," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Kisigino kinabaki. Utatembea kwa kuchechemea, lakini kwa mguu wako."

Enguday alifungua kinywa aseme asante, na kilichotoka kilikuwa kigelegele. Kilitoka kirefu, cha arusi na ubatizo, kikapita mlangoni, kikaenda ukumbi mzima. Muuguzi alikuja mbio, viatu vikipiga sakafu.

"Mama! Hapa kuna wagonjwa! Nini hiki, kuna mtu amejifungua?"

"Ameumia!" alisema Enguday, huku amejishika ukingo wa kitanda asianguke, na kigelegele cha pili kikimponyoka. "Mume wangu ameumia!"